Ukimya wa Gavana

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu, na kila nikipita mtaa wa Kilburn hapa London natamani basi liongeze mwendo.

Nilikuwa msaidizi wa profesa mmoja Mwitalia, mtoto wa fundi viatu wa milimani, aliyeingia benki kuu ya kwao akiwa mtafiti mdogo, akapanda hadi ugavana. Uzeeni akaja London kufundisha, na wapanga riba wa hapa wakawa wanamwomba ushauri. Ijumaa hiyo, mezani, mgeni alimuuliza riba itashuka lini. Profesa akatabasamu, akafuta miwani, akaomba chumvi. Basi mimi, na ujuaji wangu wote, nikaona nimemsoma: itashuka karibuni.

Kesho yake nilikuwa kwa Mama Rehema, mtu wa kwetu Tanga aliyepanga chumba Kilburn, aliyekuwa akitunza wazee majumbani na kunilisha kama mwanawe. Alikuwa amekubaliwa mkopo wa kununua fleti.

"Mwanangu, wewe ndiye unakaa na hao wakubwa. Nichukue au ningoje?"

Ningesema sijui. Lakini sebule ilijaa watu, wote wamenikodolea macho.

"Ngoja kidogo, mama. Riba inashuka. Jana tu nilikuwa na Profesa mezani."

Akangoja. Riba ikapanda, benki ikakataa kumpa tena mkopo ule, fleti ikachukuliwa na mwingine.

Nilipomweleza Profesa, hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Mimi nilinyamaza," alisema. "Wewe ukaenda kunisemea."

Kisha akaniambia kwamba enzi za ugavana dada yake alimuuliza swali hilohilo. Alimjibu hajui, na ilikuwa kweli, maana hata gavana haijui kesho. Dada alimnunia miaka, akimwona mchoyo. Alivumilia.

Nilimwomba Mama Rehema radhi, akasema yameisha. Mpaka leo amepanga palepale. Nikienda, hunipakulia mimi kwanza na kuwaambia wageni, "Huyu ndiye mchumi wetu."

Sasa Jumatatu unaanza kazi benki, mwanangu. Watu wetu watakuuliza msibani, kanisani, harusini huko Walthamstow. Watakuuliza kwa sababu wanakupenda, na hapo ndipo penye ugumu. Usikisie kwa sauti ya mtu anayejua. Sema sijui, hata kama uso utawaka. Aibu hiyo huisha kabla chai haijapoa. Hii yangu nimezeeka nayo.

Haya, nenda. Mungu akupandishe cheo, na kila atakayekuamini alale ndani ya nyumba yake mwenyewe.