Mihayo na Kiti cha Mama Mkwe

Zamani mkwe akimwona mama mkwe wake anakuja njiani alijitupa kando vichakani mpaka apite, na siku hizi wanakumbatiana kupiga picha za simu, mkwe mwenyewe akitafuna bigijii.

Rugambwa aliyasema hayo kwa kila aliyetaka kumsikiliza pale Mkuyuni, na wengi hawakutaka. Kwa hiyo dada yake Eugenia alipomwozesha binti yake Sharon kwa Mihayo, Msukuma wa kusukuma mkokoteni sokoni, Rugambwa alijiandaa kumdharau. Akakosa pa kuanzia. Mihayo hakuwahi kumpa mama mkwe mkono. Hakula naye meza moja, na akiwa na neno la kumwambia alilipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama mama mwenyewe amekaa hapo hapo anachambua maharage.

"Mjomba, mwambie mama mvua inakuja, nguo zake ziko nje."

"Nimesikia," Eugenia angejibu. "Mwambie aanue na zake."

Kisha presha ya macho ikaanza kumpofusha Eugenia. Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda. Hakulia. Alisema anataka kuyaona maporomoko ya Nyamwiga, kule Kagera, kwenye genge linalotazama ziwa, alikozaliwa kabla watu hawajahamishwa na msitu kufanywa hifadhi. Ayaone mara moja, basi. Lakini magoti yake yalikuwa yamekwisha, na barabara inaishia mbali chini ya msitu.

Wakapanda meli mpaka Bukoba, yeye, Mihayo na Rugambwa. Sharon alibaki na mtoto mchanga. Katika kijiji cha mwisho Rugambwa aliulizia machela. Aliwakumbuka wanaume wa upande huo wakipokezana mgonjwa mabegani bila kuitwa mara mbili. Vijana waliokuwa wamekalia pikipiki zao walitazamana.

"Mzee, machela ndiyo nini?"

Mwingine akamshauri aende akayarekodi maporomoko kwa simu, bibi ayaangalie kitandani. Rugambwa akatema mate ya tumbaku chini, akaondoka. Wakampigia Sharon.

"Si ambebe mgongoni?" alisema Sharon. "Mama anapofuka, ninyi mnaleta mambo ya kizamani."

Mihayo akaomba kiti cha mbao kwa mwenyeji wao, akakifunga mgongoni kwa vipande vya tyubu, kama anavyofunga magunia, egemeo la kiti likiwa limelala juu ya mgongo wake. Akachuchumaa.

"Mjomba, mwambie mama akae."

Eugenia akakaa, mgongo kwa mgongo, mbao katikati, yeye akitazama walikotoka na Mihayo akitazama waendako. Ngozi haikugusa ngozi, wala jicho halikukutana na jicho. Rugambwa alidhani anazijua adabu zote za watu wa zamani. Hii hakuwahi kuiona popote.

Msituni mizizi ilikuwa imeshikana kama vidole, na siafu walikata njia. Rugambwa alifuata nyuma akihema, uso kwa uso na dada yake aliyekaa juu kama mke wa chifu.

"Rugambwa, mwambie huyo asinitingishe. Mimi si mkungu wa ndizi."

"Mjomba, mwambie mama mkungu haulalamiki."

Eugenia alicheka mpaka kiti kikayumba.

Penye kijito cha mwisho jiwe lilimponyoka Mihayo mguuni. Mtu yeyote angegeuka audake mzigo wake, na kwa kugeuka angeumwaga. Mihayo alijiachia kifudifudi, magoti na viganja vikatangulia kwenye mawe, na Eugenia akajikuta amelala chali juu ya kiti, anatazama matawi, mzima kabisa. Damu ilichirizika mpaka kwenye ndala zake Mihayo. Akainuka polepole, mguu mmoja, halafu mwingine.

Walipofika, mvumo wa maji ulimeza maneno. Chini palikuwa matope na mawe yenye ukoga. Hapakuwa na pa kutua kiti. Mihayo aliyakabili maporomoko kwa muda wa pumzi moja, macho yamejaa jasho. Kisha akageuka, akayapa kisogo, ili mama ayaone.

Akasimama hivyo. Mbele yake alikuwa na miti na Rugambwa. Nyuma yake Eugenia alikuwa ameinua kichwa, ametulia, maji yanamrukia usoni naye hayafuti. Mihayo hakuomba kupumzika.

Ndipo Eugenia akapaza sauti, bila kupitia kwa mtu. "Mihayo, mwanangu. Geuka na wewe uone."

"Mjomba," alisema Mihayo, "mwambie mama nikigeuka yeye ataona miti."

Rugambwa hakuweza kulifikisha neno hilo.

Mara ya mwisho Rugambwa kuwaona ilikuwa Usagara, walikohamia Mihayo alipopata kiwanja. Eugenia alikuwa haoni tena. Walikuwa wanavuka barabara penye njia panda, Mihayo mbele ameshika ncha moja ya fimbo, Eugenia nyuma ameshika ya pili, malori yamesimama kuwangoja. Rugambwa akawaita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona mbio?"

"Mwambie tumechelewa kanisani," alisema Eugenia, "na tumbaku yake inanuka mpaka huku."

Mihayo akaivuta fimbo kidogo, taratibu, naye akafuata. Rugambwa alibaki kando ya barabara akiwatazama mpaka malori yalipoanza kupita.