Tulibeba jeneza la maigizo Tukuyu, watu wakaja msibani

Wakuu, habari za muda huu.

Hili nililiishi mwenyewe. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema. Elimu yangu ni darasa la saba, ila nina tabia ya kuandika daftari kila siku, na nimelifungua kwanza nisije nikajiongezea sifa. Sifa zenyewe hazipo.

Ni mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa. Tukuyu mitumba imemwagika, na video ndiyo kwanza zimeingia.

Tulikuwa na kikundi cha maigizo pale Bagamoyo (Bagamoyo ya Tukuyu, sio ya pwani). Jumamosi alasiri tunaigiza kwenye ukumbi wa Mzee Shabani, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitokea Tanga. Michezo yetu ilikuwa ya choo bora na madhara ya pombe. Watu walishaichoka. Hata mimi niliyeiandika nilishaichoka.

Mzee Shabani akatuita.

"Wanangu, mie nawapenda, lakini viti vitupu havinipendi mie. Jumamosi hii ukumbi usipojaa, siku yenu nampa mtu wa video."

Haki yake. Alikuwa ametuvumilia mno.

Ndipo nikaandika komedi ya msiba. Mzee Asajile wa Ikuti amekufa, ndugu wanasimama kumsifia kwa uongo, na kila uongo ukizidi marehemu anainuka kwenye jeneza kuwasahihisha. Wenzangu waliogopa, kwetu msiba hauchezewi. Mimi pia niliogopa, ila sikuwa na wazo lingine.

Jeneza tuliazima kwa fundi seremala mmoja Makandana. Pikapu tuliyoahidiwa haikutokea, tukalibeba mabegani, watu sita. Gwakisa, ambaye ndiye alikuwa marehemu wetu, alibeba mbele kulia.

Hapo ndipo nilipokosea.

Kwetu jeneza likipita hukai. Mtu anaacha jembe, anafuata, na mama hafuati mikono mitupu. Najua hilo tangu utoto, na siku ile halikunijia kichwani hata kidogo.

Nusu ya njia nikageuka. Nyuma yetu msafara mzima, kimya, kwenye manyunyu. Bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akanisogelea. Baadaye nilimjua, Bibi Tupokigwe.

"Ndaga, pole mwanangu. Nani ametutoka?"

Wakuu, ningeweza kusema ukweli pale pale. Nikajibu kwa jina la kwenye mchezo.

"Mzee Asajile."

"Wa Ikuti?"

"Wa Ikuti."

"Jamani Asajile!" Akaangua kilio. Alikuwa akimlilia Asajile gani, sijui mpaka leo.

Gwakisa akaninong'oneza, "We bwana, sasa umeniua kweli."

Kufika ukumbini, akina mama wakaanza kupanga mafiga nje. Mzee Shabani akanishika mkono.

"Poleni sana. Kumbe mmefiwa! Basi mchezo tuuache."

Ukumbi umejaa, na hakuna hata mmoja aliyekuja kutuangalia. Nikinyamaza, Jumamosi zimekwenda. Nikisema, tunaweza kupigwa.

Nikapanda jukwaani.

"Jeneza ni tupu. Asajile nimemtunga mimi. Nimewadanganya njiani, wenzangu hawana kosa."

Kelele zikalipuka. "Mnatuchuria! Mnatuitia kifo!" mzee mmoja akafoka, akatoka, na wengine wakamfuata. Siwalaumu.

Bibi Tupokigwe akasimama.

"Hajafa mtu?"

"Hajafa, bibi."

"Na machozi yangu?"



Akawageukia akina mama, akasema, "Ndizi ikishafika msibani hairudi nyumbani. Wanawake, pikeni. Na nyie tuonyesheni huyo Asajile wenu, nione kama alistahili."

Tukaanza. Ndugu wa kwanza akasema marehemu hakuwahi kuonja pombe. Gwakisa akainuka jenezani. Hakuna aliyecheka. Nikajua tumekwisha.

Mara sauti ya Bibi Tupokigwe:

"Lala wewe! Nimebeba mkungu toka Makandana, unafufuka kabla hatujala?"

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Tangu hapo kila Gwakisa akiinuka, akina mama wanalia kwa makusudi, wanamrudisha chini. Nusu ya maneno niliyoandika hayakusikika, na nadhani mchezo ulikuwa mzuri zaidi bila hayo.

Mzee Shabani alifuta machozi kwa kofia yake. "Jumamosi ni yenu," akasema.

Hatukudumu nazo miaka miwili, video zikazichukua. Nisiwe mnafiki, mimi mwenyewe nilikuwa naenda kuziangalia.

Miaka ikapita, baba yangu akafariki. Asubuhi nikazunguka kutoa taarifa. Nyumba ya kwanza wakaniuliza, "Wa kweli au wa ukumbini?" Nyumba ya pili walicheka kabisa. Nilirudi nyumbani nalia, na sitaficha, kicheko nacho kilinitoka njiani.

Uani kulikuwa na ndugu tu. Mgeni wa kwanza kuingia alikuwa Bibi Tupokigwe, amezeeka, anapumzika kila hatua chache, mkungu kichwani.

"Bibi, safari hii ni kweli."

"Sijakuuliza," akasema, akatua mkungu.

Majirani walipomwona ameingia, wakaanza kuja.

Nilichojifunza ni kwamba ukweli ningeusema njiani, nisingoje mpaka jukwaani. Kuhusu kuuigiza msiba, bado sijui kama tulikosea. Yule mzee aliyefoka na kutoka, yeye pia alikuwa na hoja.

Wewe ungekuwa ukumbini siku ile, ungebaki kula ndizi au ungetoka naye? Semeni bila kunionea huruma.