Nzai Aliyemng'oa Nzai

Ile suruali niliishona mimi, kwa hiyo nina haki ya kuisimulia. Ilikuwa ya kaki, yenye mifuko mipana ya kutilia brashi, na goti lake la kulia lilikuwa na doa la rangi nyekundu ambalo Nzai alilipata siku ile ile aliyoivaa mara ya kwanza. Kutunza nguo hakukujua. Alikuwa mchora vibao hapa Malindi, na tulipanga nyumba moja mtaa wa Shella, mimi na cherehani yangu barazani, yeye na makopo yake ya rangi ukumbini. Miaka ile ya themanini, ukiona kibao cha kinyozi au cha bucha kimekupendeza, uliza tu, utaambiwa ni mkono wa Nzai.

Vibao vilimpa chakula, lakini roho yake ilikuwa kwenye kitabu. Kilikuwa kitabu cha hadithi ya picha, visanduku juu ya visanduku, na maneno yakitoka vinywani mwa watu ndani ya viputo. Alikitoa wapi kichwa cha kubuni mambo yale sijui, ila alizoea kwenda Ngomeni kuutazama mnara wa Wazungu uliosimamishwa baharini, ule wa kurushia roketi, na kila akirudi alikuwa hashikiki. Katika kitabu chake, miaka mia mbele, roketi inaondoka Ngomeni na rubani mwanamke aitwaye Menza, imebeba shehena ya kuwauzia watu wa nyota. Watu hao hawapokei kitu mpaka waelezwe kazi yake. Chungu cha kupikia, sawa. Jembe la kulimia, sawa. Kisha katikati ya mbao za shehena kinaonekana kigango, ubao wa kuchongwa wa Wagiriama. Hakimu wa nyota, mrefu, mwenye miguu ya chuma, anakinyanyua, anakigeuza huku na huku kwenye mwanga, anauliza: hiki ni cha nini? Menza asipojibu, kitatiwa motoni.

Hapo ndipo kitabu kilipokwama. Kiputo cha Menza kilibaki kitupu. Nzai aliandika akafuta, akaandika akafuta, hata karatasi ikatoboka. Ndirangu, aliyekuwa na duka la vifaa vya kuandikia na mashine ya stensili, alikuwa amekubali kukichapa, lakini alisema wazi kwamba hatachapa hadithi inayouliza swali ikatoroka. Ndirangu alikuwa mtu wa Nyeri, hana maneno mengi, na katika hilo nilimuunga mkono. Nzai akaamua kwenda kwao, nyuma ya Marafa, akakitazame kigango chenyewe. Alidhani akikichora sawasawa, jibu litajileta.

Kwa asiyejua, niseme. Kigango ni ubao mrefu uliochongwa, una kichwa na mabega, na kifuani umekatwa pembetatu zilizotiwa rangi. Wagiriama humsimamishia mzee wa cheo aliyefariki, na kikishasimama ndiye mzee mwenyewe. Huamkiwa, humwagiwa tembo la mnazi, hupashwa habari za nyumba. Hakiondolewi mahali pake. Hata watu wakihama, wao huenda na yeye akabaki. Kilichokuwa kwao Nzai kilikuwa cha babu yake, Nzai mkubwa, ambaye yeye alirithi jina lake. Ndiyo maana mama yake, Kahonzi, hakupata hata siku moja kumwita mwanawe Nzai, kwani jina la mkwe halitamkwi ovyo. Alimwita Baba.

Basi alifika asubuhi akakuta nyumba tupu. Kahonzi alikuwa ameenda kuteka maji, na baba yake mkubwa, Mzee Baya, alikuwa shambani. Nzai hakungoja mtu. Alitoa penseli akaketi mbele ya kigango, lakini pale chini ya paa la makuti palikuwa na kivuli na pembetatu zilimpotea. Alijaribu upande huu na upande ule. Mwishowe akajiambia kwamba ni dakika chache tu, kabla mama hajarudi. Akakishika mabegani akakitikisa kama mtu ang'oaye muhogo, kikatoka na udongo wake. Akakitia begani, akaanza kwenda nacho uwanjani, nje ya ua, kwenye jua.

Mwaka ule vigango vilikuwa vikiibwa. Vijiji vya jirani vilikuwa vimeamka vikakuta mashimo, na watu walisema wazee wao wamesimamishwa madukani wakipigwa picha na watalii. Kahonzi, akirudi kwa njia ya nyuma na ndoo kichwani, aliona mgongo wa mwanamume mwenye suruali ya mjini, na mkwewe yuko begani kwake. Akaitupa ndoo. Akapiga ukelele uliosikika mpaka mashamba ya ng'ambo: mwivi, mwivi, mwivi.

Watu walikuja na fimbo, wengine na mapanga. Nzai alisimama, kigango begani, hajui akiweke wapi. Alipogeuka, mtu wa mbele kabisa alikuwa mama yake, ameinua mchi wa kutwangia.

Kahonzi alimtazama mwanawe. Kisha akaketi pale pale mchangani, akajifunika uso kwa leso. Waliofika nyuma wakamuuliza huyu ni nani, naye akazidi kuivuta leso usoni.

Nzai amenihadithia siku ile mara nyingi. Alisema angepigwa ule mchi angeshukuru. Alijaribu kueleza. Alisema alitaka mwanga tu, alitaka kuchora, kuna kitabu, kuna watu wa nyota, na kila neno lilimzidishia uchafu. Jirani mmoja, Dena, alimuuliza kwa upole wa kejeli anampeleka mzee nyota ipi. Watu wakacheka. Mwingine hakucheka, alisema labda sasa wamejua na wale wazee wengine walioibwa walikwenda na nani. Nzai aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na mama yake hakuitoa leso usoni.

Mzee Baya alifika na jembe lake. Hakumtazama Nzai. Alikipokea kigango kwa mikono miwili, akakifuta udongo kwa shuka lake, akarudi nacho polepole huku akisema nacho. "Baba, usikasirike. Si mgeni aliyekutoa. Ni mjukuu wako tuliyempa jina lako." Alipokwisha kukilaza kando ya shimo ndipo alipomgeukia Nzai.

"Ulipofika ulimwamkia?"

"Sikumwamkia, baba."

"Ulimwambia unampeleka wapi?"

"La."

"Basi ulimbeba kama hao wezi. Na wao hawamwamkii."

Wazee wenziwe wa yule marehemu waliitwa. Alichinjwa mbuzi, likamwagwa tembo, kigango kikarudishwa shimoni. Lakini shimo lililofumuliwa halishiki kama la kwanza, na hata leo kimeinama kidogo kuelekea njiani, kila apitaye anakiona. Nzai alikalishwa mbali, pamoja na watoto. Kahonzi aliandaa chakula bila kuinua macho kwa wanawake wenziwe, na mwanawe alipoondoka hakumsindikiza.

Aliporudi Shella aliivua ile suruali akaitundika msumarini, asiiguse tena. Kazi aliacha. Wenye maduka walikuja kunisumbua mimi kuhusu vibao vyao, kana kwamba mimi ni karani wake. Nilimgombeza nikachoka. Kisha siku moja, baada ya adhuhuri, akaja barazani na kitabu, akakifungua mbele ya cherehani yangu, penye picha ya hakimu wa nyota ameshika kigango mabegani, anakigeuza kwenye mwanga.

"Fundi," akaniambia, "huyu nilimchora kabla ya kwenda nyumbani. Nilimchora mjinga ili watu wamcheke."

Nikaisimamisha cherehani, nikakitazama. Aliingia ndani akaileta suruali, akaitandaza mezani pangu juu ya gauni la mtu, akaketi. Akaifuta miguu ya chuma ya hakimu. Mahali pake akachora suruali ya kaki, mifuko yangu mipana, mshono wangu wa pembeni. Kitabu kizima kilikuwa cha wino mweusi. Hapo alifungua kopo la rangi nyekundu akagusa mara moja tu, kwenye goti la kulia. Kisha akamchora upya rubani Menza katika ukurasa wa mwisho. Sasa hakusimama akijibu. Aliketi chini, amejifunika uso kwa leso. Kiputo bado kilikuwa kitupu.

Ndirangu alikitazama akauliza jibu liko wapi. Nzai alisema hataki kichapwe kabla mama yake hajakiona, na kwamba mama akikikataa, yeye atakichoma. Nilijua hasemi mzaha. Kitabu kile kilikuwa maisha yake, na alikipeleka kwa mtu aliyekuwa na kila sababu ya kukitupa.

Safari hii alipofika alikwenda kwanza kwenye kigango kilichoinama. Alipiga hodi. Akaamkia, akajitaja jina, akasema amekuja na kitabu na kwamba hatamgusa. Kahonzi alikuwa mlangoni akipepeta mahindi, na ungo ukasimama mkononi.

Kusoma hakujua, lakini picha hazihitaji shule. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa, akaicheka roketi kidogo, kisha akafika kwenye goti jekundu. Akaweka kidole.

"Huyu ni wewe, Baba."

"Ni mimi, mama."

Akafunua wa mwisho. Alimtazama yule mwanamke wa leso kwa muda mrefu, hata Nzai akaanza kukusanya karatasi zake. Kahonzi akamzuia mkono. Aliuliza kile kiduara kitupu mdomoni pa mwanamke ni cha nini. Nzai akamweleza kuwa ni mahali pa maneno, ila yeye hana neno la kutia.

"Siku ile watu waliniuliza huyu ni nani," Kahonzi akasema, "nami nilinyamaza. Niliona haya kukutaja. Andika hapo: huyu ni mwanangu."

Aliandika pale pale, kwa penseli, yeye aliyezoea kuandika herufi za futi mbili. Ndirangu alisoma neno lile la mwisho, akavua miwani, akawasha mashine bila kuuliza tena. Hayo ndiyo maneno yaliyochapwa.

Lakini mashine ya stensili haikuwa na rangi nyekundu. Nzai alizibeba nakala zote mpaka barazani kwangu, akalitia lile doa kwa brashi, kitabu kimoja baada ya kingine, goti kwa goti. Nilimwambia anipe nusu yake nimsaidie tumalize mapema. Akakataa, akasema doa ni lake.