Majibu ya Jumamosi
Mtafiti wa maabara yetu hapa Kisii huongea na chembe zake kama vifaranga: "Tulieni, watoto." Kila chembe ni tone la polima lililobeba chanjo, likavikwa koti la mafuta. Vidole vyake hupiga ngoma mezani mashine ya kuzichanganya ikizunguka. Mara sita chembe zimepasuka kwa joto. Ijumaa aliziacha nje ya friji kwa jaribio la saba, akaenda kushika Sabato. Jumamosi alasiri, akitoka kanisani, alinikuta langoni nikiwa na majibu mkononi.

"Usiniambie, Batuli, jua halijazama," akasema, ameziba masikio.

Nikajitahidi kununa, midomo ikakataa. Akanitazama usoni mara moja tu, akavua viatu vya kanisani, akaanza kucheza.