Kidole cha Mama Félicité

Pale Kimanga, mtaa wa Uvira, mtu aliyetaka kujua dunia imeamkaje hakuwasha redio. Alisubiri Ernestine atume odio.

Ernestine alikuwa na kibanda cha fotokopi kando ya barabara kubwa. Akimaliza na mteja mmoja, kabla ya mwingine kuingia, aliinua simu mpaka mdomoni akaongea. Mwanamuziki wa Kinshasa amemfukuza mke wake: Ernestine alikuwa na la kusema. Simu mpya imetoka, ina kamera tatu mgongoni: alisema hapa Uvira ingefaa waongeze ya nne, ya kuchungulia kama umeme umerudi. Mawaziri, tamthilia za mchana, wigi la mtangazaji wa televisheni, vyote vilipita mdomoni mwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma chuo cha ualimu, akafundisha miaka kadhaa, kisha akaacha, na maneno ambayo zamani yalikuwa ya wanafunzi yalitafuta pa kutokea. Watu wa Kimanga Yetu, kundi la simu la mtaa, walimpa jina la Analisti, yaani mchambuzi, na jina hilo lilimpendeza kuliko alivyokubali kuonyesha.

“Analisti iko wapi leo?” waliandika asubuhi akichelewa. “Tumekunywa chai bila sukari.”

Picha za kutengenezwa na mashine zilipoanza kuingia kwenye simu za watu, yeye ndiye aliyewafungua macho. Ilikuja picha ya askofu amepanda kiboko pale bandari ya Kalundu, na wamama wa kanisa wakaanza kuiombea. Ernestine akatuma odio: “Bamama, muache maombi kwanza, muhesabu vidole. Mashine haijui kuhesabu vidole.” Kweli, mkono wa askofu ulikuwa na saba. Tangu siku hiyo hakuna picha iliyoaminiwa Kimanga kabla Analisti hajaipitisha.

Tangazo lile lilikuja mchana mmoja wa mvua, wakati watu wa bonde la Ruzizi walikuwa bado wanateremka mjini na magodoro kichwani kwa kukimbia vita. Alilituma msichana aitwaye Jolie, wa Kiringye kule bondeni, ambaye mtu fulani alikuwa amemwingiza kwenye kundi jana yake. Aliandika kwamba wamepotezana na mama yake njiani, kwamba mama ni mzee na kichwa chake kinasahau, na kwamba atakayemwona apige simu. Chini aliweka picha: mwanamke mzee ameketi karibu na mpunga ulioanikwa, ameshika kibuyu kwa mikono miwili, anacheka na jua.

Ernestine aliikuza picha kwa vidole viwili. Akahesabu. Akahesabu tena.

“Bapendwa, musilie bure,” alisema kwenye simu, na kicheko kilikuwa kimeshaanza ndani ya sauti. “Muangalie ule mukono wa kushoto. Iko na vidole sita. Mashine imemupatia mama muzee kidole ya matabishi, ya nyongeza ya bure, kama mutu aliyenunua nyanya.”

Nyuso za kucheka zikamiminika. Kisha Jolie akaandika: “Ule ni mama yangu. Anaitwa Félicité. Alizaliwa hivyo.”

Hapo Ernestine alisita. Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe kwenye kinundu kidogo kilichokuwa ubavuni mwa mkono wake wa kushoto, kama kilivyozoea kwenda kila alipopata wasiwasi. Lakini watu walikuwa wanangoja. Aliwaona kwenye kioo cha simu wakingoja.

“Basi mama yako alizaliwa ku kompyuta,” alijibu.

Placide, fundi wa redio aliyekuwa mkuu wa kundi, aliandika kwamba analiondoa tangazo ili watu wasisumbuliwe na matapeli. Jolie akatoka kwenye kundi. Jioni Ernestine alikuwa ameshahamia kwenye mpira.

Juma lililofuata Laurette, muuza samaki wadogo wa ndagala kutoka Mulongwe, alikuja kutoa nakala ya kadi yake ya uchaguzi. Alikuwa bado anacheka.

“Yaya, ile odio ya matabishi! Shemeji yangu alimwaga uji.” Akaegemea meza. “Lakini kitu kimoja kinanisumbua. Kwetu kando ya muto kulikuwaka mama muzee mumoja, alikuwa anakaa karibu na meza yangu. Nilikuwa ninamupatia uji asubuhi. Anacheka tu, hajui kwao ni wapi. Na kidole ilikuwa inaninginia hapa.”

Aligusa ubavu wa mkono wake mwenyewe. Mashine ya fotokopi ilitema karatasi, na Ernestine hakuichukua.

“Na haukuita mutu?”

“Ningeita nani? Foto nilikuwa nayo mu simu. Nikamuangalia yeye, nikaangalia foto, nikasema ni yeye. Kisha nikasikia sauti yako. Weye ulisoma, yaya. Nikajiambia macho yangu ndiyo inanidanganya.”

“Sasa iko wapi?”

“Muto ulifurika. Kila mutu alikimbia na vyake. Tuliporudi, hakukuwa mutu pale.”

Laurette alisema hivyo bila lawama yoyote, na hilo ndilo lililomchoma Ernestine. Alipobaki peke yake aliufungua mkono wake wa kushoto juu ya meza akautazama. Yeye mwenyewe alizaliwa na kidole cha ziada. Mkunga alikifunga na uzi uliochomolewa kwenye pindo la kitenge, akakaza mpaka kikakauka na kuanguka, kama wanavyofanyiwa watoto wengi wa huku, na mama yake akakizika chini ya mgomba. Kilichobaki ni kile kinundu. Chuoni alikificha kwa pete. Kati ya watu wote wa Kimanga, yeye ndiye asiyekuwa na ruhusa ya kutojua.

Alifunga kibanda akamfuata Laurette mpaka Mulongwe. Matope yalikuwa bado kwenye kuta. Waliuliza kanisani, wakauliza zahanati, wakauliza wanawake waliokuwa wakianua nguo. Kila mahali Ernestine alianza vilevile: wanamtafuta mama mzee, anasahau, mkono wake wa kushoto una vidole sita. Na mahali pengi watu walitabasamu kabla hajamaliza.

“Si ile foto ya mashine?” alisema mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya muhogo. Alipangusa mkono, akatoa simu. “Musikie ule mama wa Kimanga, atawaua na kicheko.”

Sauti ya Ernestine ikatoka pale katikati ya maganda ya muhogo, nene, yenye raha. Kidole ya matabishi. Laurette alitazama chini. Mwanamke yule alicheka mpaka mwisho kana kwamba anaisikia kwa mara ya kwanza, kisha akawaelekeza kwenye shule iliyokuwa imewapokea waliofurikiwa. Ernestine alimshukuru kwa sauti ya chini sana, asije akamtambua.

Mama Félicité alikuwa kwenye darasa la mwisho, amelala kwenye mkeka chini ya ubao. Mguu wake ulikuwa umevimba na kufungwa kitambaa, na mwili ulikuwa unawaka homa. Wanawake waliokuwa naye walisema alikanyaga bati wakati wa mafuriko, na muuguzi ameahidi kurudi. Alikuwa hai. Ernestine alipiga magoti, akainamisha kichwa, kwa sababu hakutaka uso wake uonekane.

Jolie alipatikana kupitia namba yake iliyobaki kwenye orodha ya waliotoka kundini. Alizungumza naye Laurette. Jolie alifika kwa pikipiki, viatu mkononi, akapita katikati ya watu bila kusalimia, akaangukia kifuani kwa mama yake. Walikaa hivyo. Mama mzee alimpapasa kichwa akamwita kwa jina la mtu mwingine.

“Samahani, binti yangu,” Ernestine alisema alipopata nguvu. “Tumepeleka jina lake kwa muuguzi, anakuja na dawa.”

Jolie aliinua uso taratibu. Hakumjua kwa sura.

“Ile sauti,” alisema.

“Ndiyo, ni yangu. Ni minye.”

Mama Félicité, ambaye macho yake yalikuwa yanatembea darasani, alikuwa ameukamata mkono wa Ernestine ulio karibu naye na anauchezea kama mtoto. Kidole chake kikafika kwenye kinundu. Akakisugua. Akacheka.

“Weye balikufunga uzi,” alisema. “Minye baba alikataza. Alisema Mungu hakukosea kuhesabu.”

Jolie aliutazama mkono huo, kisha akamtazama mwenye mkono. Ernestine angependa matusi. Angejua pa kuyaweka.

“Mama, weye ulikuwa unajua,” Jolie alisema, na alimwita Ernestine mama kwa heshima kama mtu yeyote mwenye umri ule angeitwa. “Nilifikiri haujapata kuona. Nilisema labda haujapata kuona mutu namna ile.”

“Nilikuwa ninajua.”

“Basi enda useme kule kwenye ulisemea.”

Ernestine alitoka akasimama kwenye kibaraza cha shule. Alianza odio ya kwanza, akaifuta, kwa sababu sauti ilikuwa imechukua raha yake ya kila siku bila yeye kutaka. Ya pili ilikuwa na maelezo mengi: picha za uongo ni nyingi siku hizi, mtu yeyote angeweza. Akaifuta nayo. Ya tatu ilikuwa fupi. Alisema Mama Félicité wa Kiringye ni mtu, si picha, amepatikana mgonjwa. Alisema yeye Ernestine alimcheka akijua, kwa sababu naye alizaliwa hivyo hivyo, na kwamba aliyetuma ile odio kwa wengine awatumie na hii. Kisha akaupiga picha mkono wake wa kushoto, bila pete, kinundu kikionekana, akaituma chini yake.

Alingoja. Alama zilionyesha watu wanasikiliza, mmoja mmoja. Placide aliweka alama ya viganja vilivyokutana. Mama mmoja wa kanisa aliandika: “Mungu amuponye.” Kisha mtu ambaye jina lake Ernestine hakulifahamu, labda aliyeingizwa kundini kwa ajili ya vichekesho vyake, akaandika:

“Analisti, na hii ya mukono nayo ni ya mashine?”

Nyuso za kucheka zikafuata, tatu, nne, halafu nyingi.

Ndani ya darasa mtu aliitisha maji ya kumkanda mgonjwa. Ernestine aliweka simu kwenye mfuko wa nguo, akachukua ndoo iliyokuwa mlangoni, na akateremka kwenda bombani.