Hodi ya Jukwaani
Naungama mwenyewe kabla mjukuu wangu Biira hajawasimulia. Hapa Bwera wanajua sicheki ovyo na sipendi aibu. Jumapili mchana Biira alinipeleka Kasese, mji unaopenda gitaa kuliko chakula, kumsikiliza kijana wa nyimbo za kantri anayejitungia mwenyewe. Mlangoni nikamwonya: "Ukipiga kelele humo ndani, tunarudi nyumbani."

"Sawa, Bibi."

Kijana akaimba polepole, macho chini, kama anayeongea na moyo wake. Katika wimbo anarudi kwao kwa miguu, ukungu umeshuka mlimani. Ukungu huo naujua. Nikafumba macho, nikajiona niko kwangu, sakafu nimetoka kuipaka samadi, bado mbichi. Gitaa likanyamaza.

"Hodi, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Hodi."

Nikaitika kwa nguvu zote: "Karibu! Lakini vua viatu, nimepaka nyumba!"

Nilipofumbua macho, ukumbi mzima ulikuwa umenigeukia. Biira alikuwa amejifunika uso kwa leso.

"Bibi," akanong'ona, "tunarudi nyumbani?"

Na kule jukwaani kijana alikuwa ameinama, anafungua kamba za viatu.