Muziki wa Majambazi Unaowasimamisha Wazee wa Tengeru

Saa nne asubuhi, mlangoni mwa kanisa la Kilutheri juu kidogo ya Tengeru, Sifael Nnko anafuta tarumbeta lake kwa tai ya suti mpya. Leo anamwoza binti yake, Naisula. Bibi harusi ameshikwa mkono na baba yake mdogo, maana mikono ya baba ina kazi.

Siku za kawaida Sifael, mwenye umri wa miaka 63, huchomelea mageti. Jumamosi huongoza kikundi cha matarumbeta, na hakuna harusi ya huku inayomwita bila kudai muziki wa sinema.

Sinema yenyewe ni ya makauboi. Aliitazama ujanani mjini Arusha, akairudia wiki nzima kwa ajili ya muziki tu.

"Okestra nzima ilinikaa kichwani," anasema. "Nota sizijui. Sehemu ya vayolini nikawapa wapiga tarumbeta ndogo, kwato za farasi nikampa mpiga ngoma."

Alipoupiga harusini mara ya kwanza, wazee walisimama wima wakidhani ni wimbo wa kanisa wa enzi za wamisionari. Aliwaeleza ukweli, hawakusadiki.

"Mzee Thomasi aliniambia hata watu wa sinema huiba nyimbo za kanisa. Mkubwa habishiwi."

Tangu hapo, bibi harusi huingia wazee wakisimama kwa muziki huo. Naisula aliahidiwa huo huo tangu akiwa darasa la kwanza.

Kikwazo ni Arnold Ndesanjo, baba wa bwana harusi, mfanyabiashara wa Njiro. Naye aliitazama sinema ile. Juzi kwenye kikao cha harusi alisimama akasema muziki huo hupigwa majambazi wakitoroka na dhahabu ya benki.

"Mkwe wangu haingii na muziki wa wezi," alisema. "Watu watadhani tumemwiba."

Kikao kikakubali. Wakwe hawaudhiwi.

Kwa hiyo leo Sifael anapiga wimbo wa kanisa wa kitabuni. Kanisa zima limekaa. Mama yake Sifael, bibi Namnyaki, anageuza shingo kutazama mlangoni kama anayengoja basi lililochelewa. Naisula anapiga hatua moja, anaona migongo tu, anasimama. Machozi yanaanza kuharibu poda.

Arnold anainuka, anamwendea bibi.

"Shikamoo mama. Mbona hamsimami?"

"Marahaba. Tunangoja wimbo wa kanisa, mwanangu."

Arnold anamtazama Naisula pale mlangoni. Anashusha pumzi.

"Piga tu, baba Naisula."

Kwato zinaanza. Mabenchi yanalia, wazee wanasimama, Naisula anaingia akilia na kucheka. Na Arnold, namwona kwa macho yangu, anapiga mluzi chini chini.

Baadaye, kwenye pilau, Sifael anamweleza mkwe mwenzake kwamba mwisho wa sinema hakuuona hata siku moja. Basi la mwisho la Tengeru halikumngoja mtu. Ndiyo maana kikundi chake kikifika katikati hurudi mwanzo.

"Majambazi walikamatwa?" anauliza.

"Wote, dhahabu ikarudi benki. Na hapo ndipo muziki unapokuwa mtamu," anajibu Arnold, ambaye alikaa mjini na hakuwa na basi la kuwahi. Anaupiga kwa mluzi, mfupa wa mbuzi mkononi. Sifael anasahau sahani yake.

Sasa kila Jumapili jioni atakwenda Njiro kujifunza nusu iliyobaki, iwe tayari kwa ubatizo wa mjukuu wa kwanza.

"Maharusi wote nimewaingiza na wezi," anasema. "Mjukuu wangu ataingia dhahabu imerudi."